UTI isiyoisha: Ulizia maji uliyooga na nyumba uliyolala

Kutwa nzima, kwenye maduka ya dawa yanayolizunguka Soko la Kariakoo, wauzaji husikia ombi lile lile: "Nina UTI sugu, nipe dawa kali." Mteja hana maelezo mengi. Mkojo unamchoma, unambana kila baada ya muda mfupi, chini ya kitovu panauma, na mambo hayo yana miezi sasa. Ameshameza sipro, akapata nafuu, hali ikarudi. Akameza azuma, ikawa hivyo hivyo. Leo anataka kitu cha nguvu zaidi, na anakitaka haraka kwa sababu meza yake ya biashara ameiacha kwa jirani, Mtaa wa Kongo.

Baadhi ya wateja hawa wana UTI kweli, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo. Lakini kibofu huweza kuuma, kubana na hata kutoa damu kwa sababu ambazo antibayotiki ya dukani haizigusi, na baadhi ya sababu hizo mtu hakuzipata mjini. Kariakoo imejaa watu waliokulia Shinyanga, Lindi, Dodoma, Tanga na Pemba. Maji waliyooga utotoni na nyumba walizolala huko vinaweza kuwa na jibu la maumivu ya leo. Kama hakuna anayewauliza, watameza dozi juu ya dozi na chanzo kitabaki palepale.

Kibofu kinavyofanya kazi

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 hivi. Kikianza kujaa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ubongo ukiona mahali si pazuri, misuli ya kibofu hubaki imelegea na mlango wake hubaki umefungwa. Nafasi ikipatikana, misuli hukaza, mlango hufunguka, mkojo hutoka. Kwa kawaida mtu hukojoa mara sita hadi nane kwa siku.

Kazi hiyo huvurugika kwa njia kuu mbili. Ama ukuta wa kibofu umejeruhiwa, ama mishipa ya fahamu inayokiongoza imepata hitilafu. Kichocho hujeruhi ukuta. Kisukari, ajali za mgongo na baadhi ya maambukizi, yakiwamo machache yanayoenezwa na kupe, huharibu mishipa.

Maisha ya sokoni nayo huongeza mzigo. Mama lishe anayewasha moto alfajiri hana wa kumwachia sufuria na pesa. Choo ni cha kulipia, na mchana kina foleni. Anachofanya ni kupunguza maji na kubana mkojo hadi jioni. Mkojo unakuwa mzito na wa njano iliyoiva, unakereketa ukuta wa kibofu, na bakteria wanapata saa nyingi za kuzaliana. Kijana anayesukuma mkokoteni naye hushindia kahawa na enaji, vinywaji vinavyokichokoza kibofu ambacho tayari kinauma.

Kichocho: ugonjwa unaohama na mwenyewe

Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo, aliwakuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Ndiye mnyoo tunayemwita leo *Schistosoma haematobium*, anayeleta kichocho cha mkojo.

Safari yake huanzia kwenye maji baridi yaliyotulia: lambo, dimbwi, mfereji wa mpunga, kijito cha polepole. Mtu mwenye kichocho akikojoa humo, mayai huanguliwa na viluwiluwi huingia kwenye konokono wadogo wa jamii ya *Bulinus*. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa viluwiluwi vya aina nyingine, na hivi hupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuchota maji. Hahitaji kuyanywa. Minyoo hukua, dume na jike hushikamana, kisha huweka makazi kwenye vena zinazokizunguka kibofu.

Huko wanaweza kuishi miaka mitatu hadi kumi, na wapo walioishi zaidi ya thelathini. Jike hutaga mayai kila siku. Baadhi hutoka na mkojo, na mengine hunasa kwenye nyama za kibofu. Kila yai lina mwiba mdogo nchani. Kinga ya mwili hulishambulia, panatokea uvimbe, kisha kovu. Miaka ikipita, ukuta uliokuwa ukitanuka vizuri hukakamaa kama ngozi iliyokaushwa juani. Kibofu hakijai tena inavyotakiwa, na mwenye nacho hukimbilia chooni kila mara. Mkojo ukishindwa kushuka vizuri, figo huumia. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani, kwa sababu ya saratani ya kibofu.

Kwa wanawake mayai hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na uke. Dalili zake ni muwasho, uchafu, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa. Wengi huambiwa wana ugonjwa wa zinaa, hutibiwa bila kupona, na ndoa zao huingia shaka isiyo na msingi. Mwanamke aliyeoga mtoni akiwa na miaka minane hana la kujitetea mbele ya mume asiyejua kwamba ugonjwa huu upo. Ni uonevu mkubwa, na elimu ndogo tu ingeuondoa.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kijijini pekee. Mwaka 1985 jarida la kisayansi la *Acta Tropica* lilichapisha utafiti kuhusu kichocho cha mkojo kinachoambukizwa ndani ya jiji la Dar es Salaam lenyewe. Tanzania kwa jumla hutajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa mzigo wa kichocho.

Kingatiba inayotolewa nchini kila mwaka imewalenga zaidi wanafunzi wa shule za msingi. Aliyemaliza shule zamani au ambaye hakusoma kabisa amepitwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kingatiba ianzie miaka miwili na iwafikie watu wazima, wakiwamo wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo.

Papasi, kupe na mishipa ya fahamu

Swali la pili ni la nyumba. Katikati ya Tanzania, hasa Dodoma, papasi, ambaye ni aina ya kupe, hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala na kurudi mafichoni kabla hajashtuka. Papasi aliyeambukizwa huacha bakteria wa jamii ya *Borrelia*, na mtu huugua homa ya papasi: joto kali la siku chache, kisha nafuu, kisha homa tena baada ya wiki moja hivi. Robert Koch aliichunguza mwaka 1905 akiwa katika koloni la Wajerumani ambalo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo, akaonesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi Mvumi, Dodoma, walieleza katika jarida la *The Lancet* aina mpya ya *Borrelia* waliyoikuta huko.

Homa hii hufanana sana na malaria, na hapo ndipo hupotea. Zamani tone la damu liliwekwa chini ya hadubini, na mtaalamu aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kuwaona bakteria hawa waliojisokota. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaonesha. Kwa mjamzito na mtoto mchanga kukosea huku kunaweza kuua, ilhali antibayotiki za kawaida kama doksisaiklini huitibu kwa wasio wajawazito, na mjamzito ana dawa nyingine zinazomfaa.

Ulaya na Marekani wana ndugu yake, ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wa msituni. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa saba ambao Lyme iliingia kwenye mishipa ya fahamu na kuvuruga mkojo wao. Wengine kibofu kilikaza ovyo, wengine hakikukaza kabisa. Ni tatizo la nadra hata huko. Anayesoma mtandaoni habari za Lyme asikimbilie kujipa jina hilo hapa Dar es Salaam. Ila akumbuke funzo lake: maambukizi yanaweza kukifikia kibofu kupitia mishipa ya fahamu, na mkojo ukioteshwa hakuna bakteria atakayeonekana.

Vipimo vya kuomba

Ukifika hospitali, iwe Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili, taja mahali ulipokulia na maji uliyotumia kabla hata hujaulizwa. Omba mkojo uoteshwe kabla ya antibayotiki nyingine, ili ijulikane kama bakteria yupo na dawa gani inamuweza. Kumeza antibayotiki kwa kubahatisha hujenga usugu unaotudhuru sote.

Kwa kichocho muda una maana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na huonekana zaidi kwenye matone ya mwisho ya haja. Maabara huchuja mililita kumi za mkojo na kuangalia kichujio kwa hadubini. Mkojo wa alfajiri unaweza kukosa mayai ilhali minyoo ipo. Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida mara moja. Huua minyoo waliokomaa tu, kwa hiyo huenda ikarudiwa.

Seli za usaha zikiwa nyingi na bakteria haoti, daktari afikirie kifua kikuu cha njia ya mkojo. Sukari ipimwe. Mwanaume mtu mzima achunguzwe tezi dume. Damu inayoonekana kwa macho, homa na maumivu ya ubavuni, mkojo kukwama, au ganzi ya makalio na miguu kulegea: hayo hayasubiri kesho.

Kuishi na kibofu kilichoumia

Kovu halifutiki kwa kidonge, lakini maisha yanaweza kurahisishwa. Kwa siku tatu andika saa ulizokojoa, kiasi, na ulichokunywa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa. Punguza kahawa, enaji na pilipili, uone kama kuna tofauti. Kama daktari amethibitisha hakuna maambukizi, zoeza kibofu kwa kuongeza dakika kumi na tano kati ya haja moja na nyingine, na kaza misuli ya nyonga mara kadhaa kwa siku.

Yapo pia yasiyo ya mgonjwa peke yake. Mwajiri anayemnyima msichana wa dukani ruhusa ya kwenda chooni anamuumiza. Soko la Kariakoo linastahili vyoo safi, vya kutosha, vyenye maji, ambavyo mama lishe hatavikwepa kwa kuhesabu sarafu. Wauza dawa nao wana nafasi ya pekee, kwa kuwa ndio wanaofikiwa kwanza: anayerudi mara ya tatu kwa tatizo lile lile aelekezwe maabara, tena aambiwe aende mchana.