JUU YA NINI NJAA INARUDI UPESI?

Mama, asubui unapikia watoto bugali ya muhogo. Wanakula, tumbo linajaa, wanaenda kucheza. Mbele jua halijafika katikati, wanarudi: «Mama, njaa!» Usiwakemee. Wanasema kweli.

Tumbo ni sawa moto. Majani makavu yanawaka sana, kiisha yanazimika upesi. Kuni kubwa inakawia. Bugali tupu ni majani makavu: inatoa nguvu, lakini inapita upesi. Maharagi, karanga, samaki, mayai na mafuta vinakawia ndani ya tumbo. Tena vinajenga mwili. Gramu 100 za unga wa muhogo zina gramu 1 ao 2 tu za protini, ni kusema chakula chenye kujenga mwili. Gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 na zaidi.

Vilevile uji mwepesi. Tumbo la mutoto ni dogo. Maji yakilijaza, chakula kitakaa wapi?

Angalia hatari. Mutoto mwenye kula bugali tupu kila siku anaweza kushikwa na bwaki. Miguu na uso vinavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza wala kula. Watu watasema: «Ananenepa.» Hapana! Bonyeza miguu yake yote mbili kwa kidole. Kama shimo linabaki, umulete hospitali siku ileile.

Sasa ufanye nini?

1. Bugali isiende peke yake. Uitie pamoja na maharagi, ao sombe yenye karanga, ao ndagala.

2. Hauna pesa ya nyama? Si kitu. Twanga ndagala kavu mpaka ziwe unga, utie kijiko kimoja ndani ya chakula cha mutoto.

3. Uji uwe muzito, usimwangike upesi toka kijiko. Ongeza karanga zilizosagwa na mafuta ya mawese kidogo.

4. Mutoto akifika miezi 6, aanze kula, mara 2 ao 3 kwa siku. Toka miezi 9, mara 3 ao 4. Lakini usimwachishe ziwa: anyonye mpaka miaka 2 na kupita.

Siku ya kupima watoto, utuambie mutoto wako alikula nini jana. Tutatafuta pamoja kitu cha kuongeza, chenye kupatikana kwenu.