Mgeni na Jembe

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mgeni, wala si yule apitaye akanywa chai akaenda zake. Twasema juu ya kijana atokaye nchi ya mbali kuja kujitolea, akawekwa katika nyumba ya watu asiowajua, akae nao karibu mwaka mzima. Huyo hugeukaje kuwa mtoto wa nyumba? Na mbona wengine humaliza mwaka wao wakaondoka wangali wageni vile vile kama siku waliyofika?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwezi wa Septemba 2019 tulimpokea binti wa miaka 19 kutoka Ujerumani, aliyekuja kusaidia katika shule ya watoto wadogo karibu nasi huku Taita. Alikuja kwa mpango uitwao weltwärts, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wanaotaka kujitolea nchi za nje. Tulifurahi mno. Tulipaka chumba rangi, tukanunua godoro jipya. Kila asubuhi tulimwandalia mkate, mayai na chai sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, naye akala peke yake kama askofu aliyekuja kwa kipaimara. Sisi wengine, pamoja na watoto na nyanya yao, tulikuwa jikoni kwenye moshi tukila kimanga chetu cha mihogo na maharagwe. Binti alipoinuka kuosha kikombe chake tulimnyang'anya. Tulidhani hiyo ndiyo heshima.

Wiki ya tatu akamwendea mama wa nyumba, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, nimekosa nini?" Hatukumwelewa. Ndipo akaonyesha jikoni kwa kidole, kisha akaonyesha kiti chake sebuleni. Kumbe mtoto wa watu alisikia vicheko vyetu kila jioni ng'ambo ya ukuta, akaamini kwamba ametengwa kwa kosa fulani asilolijua. Usiku alikuwa akilia. Nasi tulikuwa tukijisifu kwa majirani jinsi tunavyomtunza!

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huicheka methali hii kana kwamba ni ya wachoyo waliochoka kulisha. Sisi tangu siku ile twaiona vingine. Mtu asiye na kazi nyumbani, hata asipokuwapo, hakuna kitakachoharibika. Lakini aliyepewa jembe, au ndoo, au kisu cha kumenyea, huyo asipoonekana watu watauliza, "Yuko wapi leo?"

Kesho yake nyanya alimpa kigoda, kisu na fungu la mihogo. Akajikata kidole gumba kabla ya kumaliza mhogo wa kwanza. Nyanya alicheka, akamfunga kitambaa, na binti naye akacheka. Tangu hapo kile kigoda kikawa chake. Kazi ya kumenya ni ya polepole, haimkimbizi mtu, na mazungumzo huja yenyewe. Hiki ni nini? Kile ni nini? Huyu ni mtoto wa nani? Kiswahili alichokipata kwenye kigoda kile kilipita cha vitabuni, maana mtu ambaye mikono yake ina kazi haoni haya kukosea maneno.

Kisha siku moja akakawia kurudi, giza likaingia, wala hakuwa amemwambia mtu. Alipofika, nyanya alimkaripia mbele ya watu wote kama anavyowakaripia wajukuu zake. Sisi tuliogopa, tukafikiri kesho atafunga mizigo. Baadaye alituambia kwamba usiku ule ndio aliolala vizuri kuliko yote tangu afike, kwa sababu anajua hakuna amkaripiaye mgeni. Kabla ya Krismasi nyanya akampa jina la marehemu dada yake.

Wale walioifanya kazi hii kwa miaka mingi walikwisha kuliona jambo hili. Shirika la Peace Corps la Marekani lilianza mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake. Katika nchi nyingi kijana wao hapelekwi kazini moja kwa moja. Kwanza huwekwa kwa familia kwa muda wa miezi kama mitatu, akisoma lugha mchana na kurudi nyumbani jioni. Hapa Kenya, kabla ya kazi yao kusimamishwa mwaka 2014 kwa ajili ya usalama, wengi walipitia Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro. Huko walijifunza kufua kwa mikono na kuwasha jiko la makaa, na waliowafundisha ni akina mama wa nyumba zile. Nasi twakumbuka kwamba Paulo alipofika Korintho akakaa kwa Akila na Prisila, kilichowaunganisha kwanza, kama Matendo ya Mitume isemavyo, kilikuwa ni ufundi wa kushona hema. Yeye pia alishika sindano.

Labda mmoja wenu atasema, "Hayo ni ya Wazungu wanaokuja kwetu. Je, vijana wetu wanaokwenda kwao?" Naam, wako. Shirika la Wamenoni liitwalo MCC lina mpango tangu mwaka 1950 wa kuwapokea vijana wa nchi nyingine kwa mwaka mmoja huko Marekani na Kanada, nao huishi na familia za huko. Wakenya wamo. Na ule mpango wa Wajerumani, tangu mwaka 2013, huwapeleka vijana wa huku Ujerumani vile vile.

Kijana mmoja wa mtaa jirani aliyekwenda Marekani alitusimulia habari tuliyoicheka na kuisikitikia pamoja. Siku ya kwanza mama wa huko alimwonyesha friji akamwambia, "Fungua wakati wowote, kula upendacho." Kijana akashangaa. Kwao mtu huandaliwa. Hafungui kabati la watu. Jioni akaulizwa kama ana njaa, naye kwa adabu aliyolelewa nayo akajibu, "Hapana, asante," akingoja abembelezwe mara ya pili na ya tatu. Wale wakamsadiki! Siku tatu alishindia vijipande vya mkate. Yule mama alikuwa akimwambia kwa lugha ya kwao, "Wewe ni mtoto wetu," naye alisikia, "Jitegemee." Hakuna aliyekuwa mbaya katika nyumba ile.

Kwa hiyo twawaomba, ninyi mnaopokea na ninyi mnaotuma watoto, semeni mapema mambo madogo yanayoonekana ya aibu. Watu hula saa ngapi? Nani huosha vyombo? Ukichelewa umwambie nani? Na fedha pia. Mara nyingi shirika hulipa familia kiasi fulani cha chakula kila mwezi. Mgeni na mwenyeji wote wakijua ni kiasi gani, minong'ono hupungua. Lakini mwenyeji anayemwomba kijana karo ya shule kabla ya mwezi kwisha, huyo amemgeuza mtoto kuwa benki, na hapa hatutafuti maneno matamu. Tumeona nyumba ambamo kijana alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa sababu hiyo tu. Naye kijana apigaye picha kila kitu kabla ya kujua majina ya watu, aiweke ile kamera kwanza.

Binti yetu hakumaliza mwaka. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Ujerumani iliwaita nyumbani vijana wake wote wa mpango ule, na Peace Corps nayo ikawaondoa karibu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60. Kwetu kulikuwa na siku mbili tu za kuaga. Nyanya hakuelewa ugonjwa gani unaomwondoa mtu asiyeumwa.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Tulimpigia binti simu kumwarifu, akanyamaza kwa muda mrefu hata tukadhani laini imekatika. Kisha akauliza ni nani sasa anayekaa kwenye kigoda. Tukamwambia kipo pale pale, kando ya mafiga.