Waya wa Mwisho

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kila dereva hudhani analijua: kuliwasha gari lililoishiwa betri kwa kuazima nguvu ya betri ya gari jingine. Mafundi wetu huita kubusti.

Nililiona jambo hili likiharibika alfajiri moja kwenye kituo cha teksi mjini Morogoro. Teksi moja ilikataa kuwaka. Kijana mmoja akaleta waya, akazifunga haraka haraka huku ameinamisha uso juu ya betri. Alipobana waya wa mwisho, cheche iliruka, ukasikika mlio kama wa bunduki, na ubavu wa betri ukapasuka. Tindikali ikampata usoni. Wenziwe wakahangaika kutafuta kitambaa cha kumfuta. Mama aliyekuwa akiuza chai jirani hakungoja. Alifika na ndoo ya maji akasema, "Mwanangu, fumbua macho!" Akammiminia, ikaletwa ndoo ya pili na ya tatu, mpaka likapatikana gari la kumpeleka hospitali. Kijana yule anaona hadi leo, nami naamini ni kwa sababu ya ndoo zile.

Sasa tujiulize, betri ililipuka kwa nini? Ndani ya betri ya gari ya volti 12 mna vyumba 6 vyenye bamba za risasi na tindikali iliyochanganywa na maji. Betri inapochajiwa, sehemu ya maji hayo hugawanyika ikawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, lakini ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche ndogo hutosha kuilipua. Waya wa mwisho ndio unaokamilisha njia ya umeme, na aghalabu cheche hutokea hapo. Kosa la kijana yule ni kwamba cheche hiyo aliitoa juu ya betri yenyewe, pale pale gesi inapokaa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza itazame betri iliyokufa. Ikiwa imepasuka au inavuja, iache. Usimulike kwa kiberiti, na mwenye sigara akae mbali. Hakikisha betri zote mbili ni za volti sawa. Malori mengi hutumia volti 24, na ukiliunganisha lori na gari dogo la volti 12 utaliunguzia vyombo vyake. Magari yakaribiane lakini yasigusane. Zima injini, taa na redio, toa gia, vuta breki ya mkono. Kama una miwani ya kukinga macho, ivae.

Kisha chukua waya mwekundu. Ubane kwenye kichwa cha betri iliyokufa chenye alama ya kujumlisha, na upande wa pili kwenye alama kama hiyo ya betri nzima. Chukua mweusi, ubane kwenye alama ya kutoa ya betri nzima. Upande uliobaki ndio wa mwisho, nao usiupeleke kwenye betri iliyokufa. Ubane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari hilo, kisicho na rangi, mbali na betri, feni na mikanda. Cheche ikitoka, itoke huko.

Washa gari lenye betri nzima, liache lingurume dakika chache, halafu jaribu lile jingine. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Likiwaka, fungua waya kwa kurudi nyuma: uliofungwa mwisho utoke kwanza, na vibanio visigusane. Usizime injini upesi, maana alteneta inahitaji muda kuirudishia betri nguvu. Kesho likikataa tena, mwone fundi apime betri na alteneta.

Wenye magari ya siku hizi yaliyojaa kompyuta, na yale yanayotumia umeme pamoja na petroli, wasome kwanza kitabu cha gari. Mengine yana mahali maalumu pa kubana waya, na mengine hayaruhusiwi kabisa kulisaidia gari jingine.

Dereva mwenzangu, najua utasema: mbona mimi nimefunga waya ovyo miaka 20 na sijadhurika? Hata kijana yule angeweza kusema hivyo jana yake. Mazoea yana taabu. Weka dumu la maji safi ndani ya gari. Tindikali ikiingia jichoni, usifute, usisugue. Osha kwa maji mengi kwa dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali.

Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema.