Ritifaa Inapomezwa na Kibodi

Linux kwa Mtumiaji wa Kawaida: Sehemu ya Tatu

Mtu wa Mtwara akichapa neno ng'ombe kwenye kompyuta ya Linux, huenda skrini ikamtolea "ngómbe". Mashine ya jirani yake itatoa "ngºombe". Wengi hapo hulaumu kibodi na kwenda dukani kuulizia nyingine, ilhali vitufe ni vizima kabisa.

Kibodi haipeleki herufi kwenye kompyuta. Hupeleka namba ya kitufe kilichobonyezwa, basi. Kitufe cha ritifaa (') kwenye kibodi ya Kimarekani, kile kilicho kulia mwa nukta-mkato, mfumo wa michoro wa X hukijua kama namba 48, hata kama juu yake pamechorwa alama nyingine. Namba 48 igeuke kuwa nini ni juu ya jedwali liitwalo mpangilio wa kibodi.

Kwa hiyo kosa lenyewe humtaja mkosaji. "Ngómbe" ni dalili ya mpangilio wa Marekani wa kimataifa (us, intl): ritifaa huzuiliwa ikisubiri herufi inayofuata, na ikija irabu huwa kiweka-mkazo juu yake. Ukigonga nafasi mara baada ya ritifaa, itatoka salama. "Ngºombe" ni dalili ya mpangilio wa Kireno (pt), ambao namba 48 yake ni º, na penye nukta-mkato pana ç. Na ikiwa @ na alama ya mtajo zimebadilishana nafasi, mpangilio wa Uingereza (gb) na wa Marekani (us) umechanganywa.

Kireno si mgeni katika pwani hii. Anayevuka mto Ruvuma kutoka Kilambo anaingia Msumbiji, ambako Kireno ndiyo lugha rasmi. Mfanyabiashara anayeandikiana na wateja wa Palma anahitaji ã ya João na ç ya Moçambique, na papo hapo anahitaji ng' ya Kiswahili. Huongeza mpangilio wa pili, kisha siku moja anabonyeza Super (kitufe chenye nembo ya Windows) pamoja na nafasi bila kukusudia. Kwenye eneokazi la GNOME, vitufe hivyo viwili hubadili mpangilio papo hapo.

Uchunguzi uanzie kwenye upau wa juu wa skrini: kukiwa na mipangilio zaidi ya mmoja, GNOME huonyesha en, pt au alama nyingine ya ule unaotumika. Kisha fungua terminali uandike localectl status, amri inayoonyesha mpangilio wa mfumo mzima. Amri ya setxkbmap -query hueleza hali ya sasa, lakini katika mazingira ya X tu. Ubuntu ilihamia Wayland, mfumo mbadala wa X, kama chaguo lake la kawaida katika toleo la 21.04, mwaka 2021, na humo jibu la amri hiyo halitegemeki. Badala yake, tumia ukurasa wa kibodi katika mipangilio ya eneokazi.

Nywila ikikataliwa wakati wa kuingia, ingawa mwenyewe ana hakika nayo, tatizo huenda liko kwenye jedwali la mfumo mzima, ambalo laweza kutofautiana na la mtumiaji. Debian na Ubuntu hulihifadhi katika /etc/default/keyboard, na hurekebishwa kwa sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration.

Kwa anayeandika Kiswahili na Kireno kwa zamu, mpangilio unaofaa ni us wenye aina ya altgr-intl. Ritifaa hubaki ritifaa. Alt ya kulia pamoja na koma hutoa ç. Alt hiyo pamoja na Shift na kitufe kilicho kushoto mwa 1, kisha a, hutoa ã. Kwenye X amri ni setxkbmap us altgr-intl, nayo hudumu mpaka mtumiaji atoke. Ili idumu zaidi, ichaguliwe kwenye mipangilio ya eneokazi.

Sehemu ya nne itahusu faili la .XCompose, linalomwezesha mtumiaji kupanga vitufe vyake mwenyewe vitoe ng' nzima kwa mkupuo.