Shoo ikija mjini, hela ipo kwenye kikombe

Kila ikisikika kuna shoo kubwa inakuja Mkwakwani, meseji zinakuwa zile zile: "Niuze nini siku hiyo?" Wengi mnajibiana maji ya baridi, fulana, miwani ya taa. Sawa, vinatoka. Mimi leo naongelea kitu ambacho watu wanakikanyaga tu: uchafu.

Pita uwanja wowote asubuhi baada ya shoo. Vikombe laini vimepasuka, mirija, boksi nyeupe za chipsi, chupa za maji. Chupa zitaondoka mapema maana waokota chupa wanaziuza kwa kilo. Kikombe kilichopasuka na boksi la chipsi hakuna anayevitaka. Mvua moja tu viko mtaroni, na kwa Tanga kutoka mtaroni mpaka baharini siyo safari. Na bahari yetu siyo ya kuchezea. Kusini ya jiji kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu walidhani alishatoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ukiacha silikanti, yule mvuvi wa pale Deep Sea ni mteja wako. Nyavu zikirudi na plastiki badala ya samaki, hiyo kava ya simu unayoposti ataiangalia tu.

Sheria ipo lakini haimalizi kazi. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar kwenye mifuko walitutangulia tangu 2006. Kukutwa na mfuko tu faini inaanzia 30,000 mpaka 200,000, kwa hiyo fulana usifungie humo hata kwa bahati mbaya. Ila kikombe na chupa ya maji havimo kwenye katazo la mifuko. Hapo wanaoamua ni waandaaji na sisi tunaouza. (Na ile mifuko mbadala mnayoisifia kwenye matangazo, jamani, nayo ni nyuzi za plastiki. Nafuu yake ni kutumika mara nyingi, basi. Kikapu cha ukili ndiyo mbadala wa kweli.)

Glastonbury kule Uingereza, tamasha la shambani la watu kama 200,000, mwaka 2019 waliacha kuuza maji na soda za chupa za plastiki, watu wakawa wanajaza maji kwenye mabomba. Roskilde, Denmark, kinywaji unauziwa pamoja na hela ya kikombe. Ukirudisha kikombe unarudishiwa hela. Usiporudisha kuna watu wanapita kuviokota wakachukue wao.

Ukisikia hivyo unasema mambo ya wazungu hayo. Nenda duka lolote Ngamiani, chukua soda ya chupa ya kioo, anza kuondoka nayo. Utaitwa! Acha chupa au acha hela ya chupa. Bibi zetu wameuza soda hivyo miaka yote, na ndiyo maana chupa ya kioo huioni imezagaa kama ya plastiki. Mfumo tunao, tumeuacha kwenye kreti tu.

Sasa mahesabu, na hizi ni namba za mfano, wewe weka za kwako. Kikombe kigumu cha kuosha umenunua jumla kwa 700. Juisi ya ukwaju ni 1,000. Mteja anakupa 2,000: buku la juisi, buku la kikombe. Akirudi na kikombe, buku lake analo. Asiporudi, umeuza kikombe kwa faida ya 300. Vikombe 100 vikizunguka vizuri vinahudumia watu 300, wakati ungekuwa unanunua vikombe 300 vya kutupa, na kesho unanunua vingine. Hapa naomba mnielewe: hela ya kikombe lazima izidi bei uliyonunulia. Ukiweka jero kwa kikombe cha 700, watu watakuachia jero lako na kuondoka nacho wakicheka.

Chenji ndiyo inaua watu. Nenda na noti za buku za kutosha, maana kurudisha hela kwa simu kuna makato na foleni inalala. Tenga mtu mmoja wa kuosha tu, ndoo tatu: ya kumwaga mabaki, ya sabuni, ya kusuuza. Vikombe viwe vya rangi moja na jina la duka na namba yako, usije ukalipia kikombe cha jirani. Na watoto wakikuletea vikombe walivyookota, walipe bila kuwakoromea. Wamekufanyia usafi, na kile kitakachoenda nyumbani kwa mtu ni tangazo lako.

Wa mtandaoni tusio na meza uwanjani, wiki mbili kabla posti vikapu vya ukili na chupa za stili, chukua oda kwa malipo nusu, peleka mzigo kabla ya siku yenyewe.

Usafiri nao. Kwenye matamasha mengi makubwa, moshi wa magari ya wanaokuja unazidi ule wa jenereta za jukwaani. Sauti za Busara pale Unguja wana bahati, Ngome Kongwe ipo katikati ya mji, mtu analala Mji Mkongwe anakwenda kwa miguu. Wa Muheza, Korogwe na Pangani kwetu hawawezi. Ukikodi Coaster ukauza siti mapema hapo hapo WhatsApp, umepunguza magari na umepata chochote.

Kabla hujalipia eneo, muulize mwandaaji: maji ya kuoshea yapo wapi, meza ya kurudishia vikombe itakaa wapi, na uchafu unazolewa na nani, saa ngapi? Akikujibu "tutaona siku hiyo hiyo", shika hela yako kwanza.