Kijibwa Hawezi Kungoja Hadi Jioni

Msomaji mmoja anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala, ameniandikia kuhusu mtoto wake wa mbwa aina ya Maltese, mwenye miezi miwili na uzito wa kilo moja. Humlisha mara moja tu, jioni akitoka sokoni: posho (ugali) na mchuzi wa mukene (dagaa), kama walivyolishwa mbwa wa ulinzi nyumbani kwao. Asubuhi moja alimkuta anatetemeka na kuyumba, kisha akaanguka. Jirani alimpaka asali kwenye fizi, na punde akainuka. Anauliza kama kuna mtu aliyemwekea sumu.

Kwa maelezo hayo, dada, naona njaa kuliko sumu. Habari za chanjo na minyoo zimeandikwa mno, sitazirudia. Raha yangu iko kwenye hesabu ya mwili mdogo.

Mnyama akikua hadi kimo mara mbili, ngozi yake huongezeka mara nne, lakini nyama na damu huongezeka mara nane. Kwa hiyo mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili, na joto hupotea kupitia ngozi. Mwaka 1883 Mjerumani Max Rubner alipima joto la mbwa wa ukubwa mbalimbali, kuanzia kilo tatu na ushei hadi kilo 31. Kwa kila kilo, mdogo kabisa alikuwa akichoma zaidi ya mara mbili ya mkubwa. Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi California, aliirekebisha hesabu, akaonyesha kuwa ngozi peke yake haielezi kila kitu. Kwa kanuni yake, mbwa mwenye uzito mara 16 ya mwenzake huhitaji chakula mara nane tu. Mimi nikiisoma hesabu hii hucheka peke yangu.

Sasa tazama sokoni. Tajiri wa belo ana stoo. Mzigo ukichelewa siku tatu, bado anauza. Mchuuzi aliyebeba mashati kumi mkononi hana stoo. Yakiisha saa nne asubuhi, lazima arudi kununua mengine, la sivyo siku imekufa. Na ushuru anadaiwa vilevile, auze asiuze. Kijibwa ndiye mchuuzi huyo. Mashati yake ni glikojeni, ambayo napenda kuiita wanga wa akiba, nayo hukaa kwenye ini na misuli. Ini lake ni dogo, misuli haijajaa, mafuta ni haba. Mtoza ushuru ni ubongo: kwa mwili ule ni mkubwa, hudai sukari usiku kucha, wala hakopeshi. Saa chache bila chakula zinatosha kumaliza akiba, na hapo ndipo kutetemeka huanza.

Mtoto wa kilo moja, chini ya miezi minne, huhitaji takriban kilokalori 210 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa posho peke yake, gramu 60 za unga zikishapikwa na maji hukaribia gramu 200, yaani moja ya tano ya uzito wake. Tumbo lile halibebi hayo jioni moja. Gawa chakula mara nne, mlo wa mwisho uwe kabla ya kulala. Punguza posho, ongeza yai la kuchemsha na mukene waliooshwa mchanga na kusagwa na mifupa yao. Mifupa hiyo ndiyo inayompa kalsiamu. Chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wadogo ni ghali, ila ndicho chenye vipimo kamili. Usimmegee rolex yako, ile chapati ya mayai yenye kitunguu: kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Akifika miezi minne mpe mara tatu, akivuka sita mara mbili. Mbwa wa aina kubwa huendelea kukua hadi mwaka na nusu au miwili, lakini huyu huwa mtu mzima kati ya miezi minane na 12. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu Maltese mzima wa kilo tatu hutosheka na kilokalori kama 250, zaidi kidogo tu ya alizokula akiwa na kilo moja. Mchuuzi amepata stoo, na ukiendelea kumjazia, atanenepa.

Akitetemeka tena, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Akizinduka mpe chakula, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Makerere wana chuo cha tiba ya mifugo, na hapo si mbali na Owino.