Sarafu ya Mjerumani: Usikimbilie limau na majivu

MKULIMA akiokota sarafu ya Mjerumani shambani, jambo la kwanza analofanya ni kuisugua. Huchukua limau, chumvi, majivu au mchanga, akasugua mpaka ing'ae. Hajui kuwa anaifuta bei kwa mkono wake mwenyewe.

Nayasema haya kwa uchungu. Nikiwa kijana hapa Njombe, niliisugua kwa majivu rupia ya fedha ya mwaka 1890 aliyoiacha babu. Baadaye mnunuzi mmoja jijini Dar es Salaam aliitazama kwa lenzi, akaona mikwaruzo, akanipa bei ya fedha kwa uzito tu. Nikarudi nayo nyumbani.

Sarafu hizi si ngeni kwetu. Hata neno "hela" linatokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heller 100 badala ya pesa 64. Zilisambaa kwa kodi, mishahara na biashara, kutoka pwani hadi Manda ziwani Nyasa, bandari ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen.

Nyingi ni za bei ndogo. Zilizo adimu ni kama ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Zilitoka takriban 16,000 tu.

Je, ni doa au ni ugonjwa?

Shaba iliyogeuka kahawia, au kijani kilichoshikamana nayo vizuri, haina tatizo. Fedha iliyofifia na kuwa nyeusi ni hivyo hivyo. Iache. Wanunuzi wanaipenda rangi hiyo kwa sababu ni ushahidi kuwa sarafu haijachezewa.

Lakini ukiona unga wa kijani mpauko unaodondoka na kurudi tena, huo ni ugonjwa wa shaba. Unaletwa na chumvi pamoja na unyevu, na unaitafuna sarafu. Limau na chumvi huuongezea nguvu. Itenge sarafu hiyo pakavu, kisha umwone mtaalamu.

Udongo loweka kwa maji safi ya kuongezea betri, si tindikali. Mafuta au gundi hutolewa kwa asetoni halisi, mbali na moto. Usisugue wala kufuta. Acha ikauke yenyewe.

Je, inalipa?

Piga hesabu kama ya mbolea. Tuseme sarafu inauzwa Sh 60,000 ilivyo, na ikihudumiwa na mtaalamu itafika Sh 90,000. Kama huduma na usafirishaji ni Sh 100,000, hapo umepata hasara ya Sh 70,000. Lakini kama ni sarafu ya dhahabu ya mamilioni, gharama hiyo hiyo inaweza kuwa na maana.

Iliyokwisha kusuguliwa usiitumie fedha zaidi. Hakuna fundi anayerudisha madini yaliyotoka. Mweleze mnunuzi ukweli, kwani ataona tu.

Kwa ukungu wetu wa Njombe na Makambako, tunza sarafu kwenye bahasha ya karatasi kavu, si mfuko laini wa plastiki. Kabla ya kuuza, pata bei za watu wawili au watatu.

Rupia ya babu bado ninayo. Imeanza kufifia taratibu, nami siigusi.